Nyasi za Uani

"Wifi, mteja wako kanikanyagia tena nyasi zangu."

"Mteja wangu ana miguu, wifi. Ulitaka aruke?"

Wanawake waliokaa barazani wakaangua kicheko. Yule mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama kama kaona jini, akauondoa mguu wake taratibu, utadhani kakanyaga mtoto wa mtu. Mke wa mwoka mikate, mwenye nyasi zake, hakucheka nao. Alipiga magoti, akazinyanyua zile nyasi kwa vidole, akazisimamisha kama mtu anayemkalisha mgonjwa kitandani. Ndiyo maana nyumba ile walimwita Bibi Maua, na usidhani walikuwa wakimsifu.

Alikuwa anasomea usanifu wa bustani katika chuo cha ufundi. Kila siku ya kazi alitoka na mfuko wake asubuhi, akarudi baada ya mchana na udongo kwenye kucha. Masomo ya darasani yalikuwa yamekwisha, imebaki kazi ya asubuhi kwenye bustani za chuo na mtihani wa vitendo, na mtihani wenyewe haukuwa wa kalamu. Kila mwanafunzi alitakiwa atengeneze bustani mahali wanapoishi watu, aitunze mpaka ikomae, kisha mwalimu aje aikanyage kwa miguu yake mwenyewe ndipo asaini.

"Bustani ya kwenye karatasi hata mbuzi haili," alipenda kusema mwalimu wao, mama mmoja mnene wa mabuti ya mpira, ambaye wanafunzi walimwita Futi Kamba kwa sababu alikipima kila kitu, hata upana wa mlango aliopita jana yake.

Wenzake walipata zahanati, walipata shule, mmoja akapata nyumba ya mpangaji mwenye gari mbili. Yeye alipata uwanja wa mama mkwe. Na hata huo alipewa kwa masharti.

"Uwanja wangu, maua yako," mama mkwe alimwambia, mikono kiunoni. "Lakini kamba zangu za nguo hazihami. Zilikuwepo kabla yako."

"Sawa, mama. Nitazizungushia."

"Uzizungushie, usizifunike. Sitaki kuanika shuka nikaanua majani."

Alikubali yote, kwa kuwa alikuwa na lake moyoni. Kampuni moja ya kutunza bustani za hoteli ilikuwa imekiambia chuo kwamba itachukua waliofaulu, wenye cheti mkononi. Kazi, mshahara wake mwenyewe, na siku moja chumba chenye ufunguo ambao hauning'inii kwenye msumari wa mama mkwe. Hilo hakumwambia mtu, hata mumewe. Kwenye nyumba ile ukiwaza kwa sauti, jioni unalisikia wazo lako barazani likiwa limeshasukwa na kupakwa mafuta.

* * *

Futi Kamba alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: usichore njia kabla hujaona watu wanapita wapi. "Binadamu hafuati mstari wako," alisema. "Anafuata anakokwenda. Wewe kazi yako kumjengea pale pale."

Basi Bibi Maua alikaa uani juu ya ndoo iliyofunikwa, jioni na siku za mapumziko, akatazama nani anatoka wapi na anaishia wapi. Nyumba nzima ikapata mchezo. Baba mkwe, dereva mstaafu mwenye goti bovu na maneno mengi, alitoka makusudi akapita zigizaga kutoka bombani mpaka getini, akiburuta kandambili zake, akipiga honi kwa mdomo.

"Chora na hii, mkwe! Dereva hana njia moja!"

"Hilo tunalijua siku nyingi," alijibu mama mkwe kutoka jikoni, na barazani wakacheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa na mfupa ndani yake.

Akachora. Njia ya geti na baraza, ya jiko na bomba, ya bomba na kamba za nguo. Akalaza vigae vilivyovunjika alivyoomba kwa mafundi wa jengo la mtaa wa pili. Penye maji machafu akachimba mfereji akaujaza kokoto. Kwingine kote, udongo uliokuwa mgumu kama sahani, akautifua, akautia mboji, akapanda nyasi kipande kwa kipande, mgongo ukimlilia. Zikashika. Asubuhi moja mama mkwe alionekana amesimama peku katikati ya uwanja, kakunja gauni kidogo, anachezesha vidole vya miguu kwenye kijani. Alipomwona mkwewe akakohoa, akasema, "Hapa pana siafu."

Lakini wiki chache baadaye ukaonekana ukanda. Kwanza nyasi zilififia, kisha zikalala, kisha zikaacha upara. Ukanda ulianzia mlango wa ubavuni, ukazunguka tangi la maji kwa nyuma, ukaishia kwenye chumba cha uani, alikopanga fundi cherehani, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, ambaye kodi yake ndiyo ilikuwa inawasha taa za nyumba ile.

Mlango wa ubavuni ulikuwa wa vyumba viwili tu: cha wakwe na cha kwao. Bibi Maua akapiga hesabu zake. Mama mkwe haendi kwa mpangaji, humwita kwa sauti akaja mbio. Mumewe anaoka mikate usiku kucha, mchana analala kama gogo. Akabaki nani? Akabaki baba mkwe, aliyeanza kujipulizia manukato tangu chumba kile kipate mpangaji, na ambaye kila mara alikuwa anatengeneza pedali ya cherehani isiyopona.

Akajaribu kwa wifi yake.

"Wifi, nani anapita kule nyuma ya tangi?"

Kitana kikasimama kichwani mwa mteja. "Kuku."

"Hatufugi kuku."

"Basi wa jirani." Kitana kikaendelea. "Wewe panda maua yako, wifi yangu. Vingine vinajipitia."

Wanawake wa barazani wote, siku hiyo, wakawa na shughuli na kucha zao. Bibi Maua akaelewa, au aliona ameelewa: wanamficha mama mkwe mambo ya mumewe. Yule mama pamoja na ukali wake wote, kumbe anachekwa barazani kwake mwenyewe! Akamwonea huruma ambayo hakuwahi kudhani angekuwa nayo. Angeweka vigae kwenye ukanda ule, kama sheria inavyotaka, angekuwa amemtangazia aibu yake kwa saruji. Kwa hiyo akavunja sheria. Alikwenda akanunua miche ya waridi, ile yenye miiba ya kweli kweli, akaipanda katikati ya ukanda, mstari mzima.

* * *

"Ile miwaridi ya nini kule nyuma?" mumewe alimuuliza siku mbili baadaye, amekaa kitandani amenyoosha mguu. Mkewe alikuwa anampaka mafuta kwenye mchubuko uliopita juu ya kifundo.

"Mandhari. Umeumia na nini?"

"Toroli la mikate. Itoe, bwana. Mama atajichoma."

Mwanamke akainua uso akamtazama. Kumbe naye anajua habari za baba yake, naye anamlinda mama. Akaona aliolewa na mtu mwenye moyo. Akampenda kidogo zaidi siku ile.

"Mwalimu akishasaini nitaitoa," alisema. "Vumilia."

Mwanamume alimpa mgongo. Akavuta shuka.

Miche haikukaa. Mmoja ulikatika, mwingine aliukuta umeng'olewa na kushindiliwa kwenye kona, mizizi nusu nje. Akaipanda upya. Ikavunjwa upya. Akawa anatoka chuoni mbio kuja kuitazama, kama mtu aliyeacha chungu jikoni, na kila akifika inakuwa imeshatokea.

* * *

Siku ya ukaguzi mama mkwe alivaa nguo za kutokea. Aliwaalika jirani wote aliogombana nao mwaka ule ili waone. Barazani hapakuwa na pa kuweka mguu: wateja wa wifi, jirani na watoto wao, baba mkwe katikati kwenye kiti chake akigawa soda kama mwenye harusi. Cherehani ya mpangaji ilikuwa inalia nyuma, tarara, tarara, kama kawaida.

Futi Kamba aliingia na mabuti yake, akasalimia wote, akakataa kiti. Alitembea. Alikanyaga vigae kimoja kimoja kwa kisigino. Alimwaga ndoo ya maji akayatazama yanavyokwenda kwenye kokoto. Alisimama chini ya kamba za nguo akasema, "Hizi umezizungukia vizuri," na mama mkwe akamgeukia jirani yake wa kushoto, akamwangalia tu, hakusema neno, lakini jirani alilisikia.

Kisha mwalimu akaenda nyuma ya tangi.

"Nani kapanda miwaridi njiani?"

"Siyo njia, Mwalimu," alisema Bibi Maua. Sauti ilimtoka ndogo.

"Siyo njia?" Yule mama akachuchumaa, mabuti yakalia. Akabonyeza udongo kwa kidole gumba. "Binti, ardhi imeshindiliwa mpaka inang'aa. Hii ndiyo njia yenye shughuli kuliko zote humu ndani."

Mtu barazani akapaliwa na soda.

"Labda watoto wa jirani, Mwalimu," alijaribu Bibi Maua.

"Watoto wa hatua hii?" Futi Kamba alishavuta kamba yake, anapima kutoka alama hadi alama, amefurahi kama fundi anayeonyeshwa mashine. "Huyu ni mtu mzima, mrefu, ana haraka. Anatokea mlango ule. Anakuja, anapinda hapa kwenye tangi bila kupunguza mwendo, maana amepazoea. Hapa anakutana na waridi lako, anaruka. Tazama kisigino kilivyochimba. Uliwatazama watu kabla hujachora?"

"Niliwatazama. Wiki nzima."

"Saa ngapi?"

"Jioni, Mwalimu. Na siku za mapumziko, kutwa."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nipo chuoni. Nipo kwako."

"Ndiyo kosa lako hilo, na nyote mnalifanya." Mwalimu alisimama, akipangusa mikono. "Uwanja umeusoma ukiwa nyumbani. Ukiwa chuoni, nani alikusomea?"

Bibi Maua hakusikia zaidi. Aligeuka amtazame mama mkwe, ikibidi amdake, kwa kuwa mwanamke mwenye umri ule akiaibishwa mbele ya jirani anaweza kuanguka. Akamkuta amesimama imara. Akamkuta anamtazama yeye. Wifi naye alikuwa anamtazama yeye, na wateja, na jirani wote, na macho yao hayakuwa ya kumwonea huruma mtu mwingine. Akamwangalia baba mkwe. Mzee alikuwa ameinamia kandambili zake, zile anazoziburuta, ambazo toka lini zimewahi kupiga hatua ndefu? Hata waridi moja lisingerukwa kwa goti lile.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Na kwenye mlango wa ubavuni, mumewe, na fulana yake ya kulalia, aliyeamshwa na kelele za watu, alirudi ndani kinyumenyume akaufunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Hawakuwa na mtoto.

* * *

Alimfuata mwalimu mpaka nje ya geti.

"Mwalimu, nisainie hivi hivi. Nakuomba."

"Kila kitu umekiweza. Kimebaki kimoja." Futi Kamba hakuwa mjinga, alikuwa ameshaona nyuso zile, na shangwe ilikuwa imemtoka. Alikuwa anaizungusha kamba yake mkononi bila sababu. "Ng'oa miwaridi. Weka mawe ya kukanyagia, moja kwa moja mpaka mlangoni. Yafuate hatua za mwenye kupita, siyo zako. Nitarudi wiki ijayo."

"Nipe uwanja mwingine, Mwalimu. Hata makaburini nitapanda."

"Ukianza upya ni mwakani, na hoteli wanachukua watu mwezi ujao. Nikikusainia bustani yenye njia iliyozibwa, kesho nitamkatalia nani?" Akamshika bega. "Mimi nimesoma udongo tu, mwanangu. Sikujua ni wako."

Jikoni alimkuta mama mkwe na wifi. Walikuwa wameshavua nguo za kutokea. Mama mkwe alikuwa anaosha glasi ambazo zilikuwa safi.

"Mlijua," alisema Bibi Maua.

"Tulijua kabla hujaleta nyasi zako," alijibu mama mkwe. "Ila zamani uwanja ulikuwa unajua kunyamaza."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Wifi ndiye aliyejibu, na hakuwa na dhihaka safari hii. "Ungeenda wapi, wifi?"

Lilikuwa swali la kweli. Kwao palikuwa na kaka yake, mke wa kaka na watoto wao sita. Chumba chake cha usichana kilikuwa kimejaa magunia. Mara ya mwisho alipokwenda kuwasalimia, yule mke wa kaka alimuuliza kabla hajakaa kama anarudi siku ile ile.

"Na ile miwaridi?" mama mkwe aliuliza ghafla. "Uliipanda ya nini, kama hukujua?"

"Nilidhani ni baba. Nilikuwa nakufichia."

Mama mkwe aliweka glasi chini. Alicheka mpaka akashika ukingo wa karo, machozi yakamtoka, akacheka tena, halafu wifi akaona kwamba mama yake hacheki. Ilichukua muda.

"Mimi ulinifichia," alisema baadaye, akijifuta kwa kiwiko. "Mimi. Sikiliza, mkwe. Achana na chuo. Tung'oe hizo nyasi, uwanja urudi ulivyokuwa, watu waishi. Mwanamume huchoka. Baba yake alichoka."

"Na mimi nifanye nini akiwa anasubiri kuchoka?"

"Mimi nilianika nguo."

Chumbani mumewe alikuwa amekaa kitandani, amevaa viatu.

"Nilikuwa napeleka suruali za kazini zishonwe," alisema.

"Suruali gani inachanika kila siku?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa mtihani. "Sikutaka ujue hivi," alisema mwisho.

"Ulitaka nijue vipi?"

Mumewe akainama. Akavua viatu. Mwanamke naye akapanda kitandani upande wake wa ukutani, kwa sababu nyumba nzima hapakuwa na kitanda kingine.

* * *

Siku ya mapumziko aliamka akang'oa miwaridi. Akaleta mawe bapa kwa toroli la kuazima, safari baada ya safari, akapita mbele ya baraza iliyojaa. Hakuna aliyemtania. Alifunga kamba kutoka mlango wa ubavuni, akaizungusha kwenye tangi, akaifikisha kwenye chumba cha fundi cherehani. Alijua vyema anachokijenga. Alijua pia kwamba hata cheti kikija, na hoteli ikimwita kesho yake, itapita miezi kabla hajaweza kukodi hata banda. Mpaka siku hiyo atalala chumba kile, atachota maji bomba lile, ataanua nguo kwenye kamba zile huku njia yake nzuri, imara, inatumika. Mvua ikinyesha haitakuwa na hata tope.

Akaenda kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe akagonga.

"Amka. Nakuhitaji uani."

Mumewe alitoka akifikicha macho. Alipoiona kamba akasimama. "Unataka nini?"

"Tembea."

"Nini?"

"Mawe yanafuata hatua za anayepita. Tembea nipime."

Barazani kitana kilisimama kichwani. Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, kanga begani. "Mkwe. Siyo mbele ya watu."

"Watu gani, mama? Kuna asiyejua?"

Baba mkwe akanyanyuka kwenye kiti chake, goti likalia. "Nitatembea mimi," alisema. "Mwacheni kijana akalale. Mimi au yeye si yote miguu?"

"Hatua zako fupi, baba," alisema Bibi Maua kwa heshima zote. "Nitafelishwa."

Mzee akakaa. Mwoka mikate aliwatazama wote mmoja mmoja, baba, mama, dada, akitafuta wa kumtetea, kisha akaanza kutembea. Alitembea kwa hatua za kubana, kama mtu aliyevaa gauni la kuazima.

"Siyo hivyo," alisema mkewe. "Rudi nyuma. Tembea kama siku zote."

Alirudi. Akatembea. Kila alipokanyaga, mwanamke aliyepiga magoti nyuma yake aliweka kigingi, akakigonga kwa nyundo, akasogea. Walikwenda hivyo, yeye na vigingi vyake, mpaka kwenye tangi, na kwenye tangi miguu ya mwanamume ikapinda yenyewe bila kutafuta. Upande wa pili fundi cherehani alikuwa amesimama kizingitini mwake, uzi mdomoni, hajui aingie au abaki.

Mwoka mikate akasimama. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Inatosha," alisema. "Umeshaona. Inatosha."

Mkewe aligonga kigingi mpaka kikakaa sawa. Hakuinua uso.

"Bado," alisema. "Hujafika mlangoni."